Nilivyojifunza uhasibu kwenye kikundi cha akina mama Mbagala

Nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uhasibu, Dar es Salaam, nilipoanza kujitolea kwenye kikundi cha VICOBA, yaani cha kuweka akiba na kukopeshana, cha akina mama kule Mbagala. Sikuwa na mtu wa kuniunganisha. Nilibeba kitambulisho na barua ya utambulisho kutoka chuoni, nikaenda ofisi ya serikali ya mtaa na kuuliza kama kuna kikundi kinachosumbuliwa na vitabu vya hesabu. Wenzangu wengi walikuwa wanasubiri kipindi cha field, yale mafunzo kwa vitendo, waombe nafasi benki. Mimi nilitaka kukaa mahali ambapo hela inahesabiwa mbele ya mwenyewe.

Hela yenyewe hawakuniruhusu niiguse, na walifanya vyema. "Marahaba mwanangu, kaa hapo uangalie kwanza," mwenyekiti aliniambia, nikakaa mkekani.

Sanduku lao la chuma lina kufuli tatu, na funguo zinashikwa na wanawake watatu wa nyumba tofauti. Mtunza sanduku mwenyewe hana hata mmoja. Likifunguliwa, wahesabu fedha wawili wanahesabu kwa sauti, kila mtu anasikia. Mwanachama hununua hisa moja hadi tano kwa kikao, na kila hisa hugongewa muhuri kwenye kitabu chake, hivyo hata asiyejua kusoma anajua akiba yake kwa kuhesabu mihuri. Kabla ya kufunga, katibu hutangaza salio. Kikao kinachofuata, mtu yeyote anaweza kuinuliwa alitaje kabla sanduku halijafunguliwa. Darasani nilikuwa nimekariri udhibiti wa ndani na mgawanyo wa majukumu ili nifaulu mtihani. Pale mkekani ndipo nilipoelewa kazi yake.

Waliponizoea, wakanipa daftari. Marejesho ya mikopo, faini za uchelewaji na mfuko wa jamii vyote vilikuwa vimeandikwa humo humo, kurasa kwa kurasa. Mfuko wa jamii ni wa ugonjwa na msiba, haupaswi kuingia kwenye mgao. Ukichanganyika na fedha za mikopo, mwisho wa mzunguko wa akiba watu wanaweza kugawana hela ya kuzikana bila kujua. Mimi na katibu tukawa tunakaa jioni, tunasoma mstari mmoja mmoja, namuuliza huu ni mchango au rejesho, kisha tunalinganisha na vitabu vya wanachama. Katibu alikuwa anakumbuka mambo ya miezi mingi nyuma: nani alikopa wiki ya kufungua shule, nani alilipa nusu. Bila kumbukumbu zake nisingefika popote.

Mgao niliueleza kwa mfano. Tuseme hisa iliuzwa shilingi 2,000, kikundi kizima kina hisa 6,000, na baada ya riba na faini sanduku lina 14,400,000. Gawanya, kila hisa sasa ni 2,400. Mwenye mihuri 180 aliweka 360,000, anaondoka na 432,000. Bibi mmoja alichukua kitabu chake akaanza kuhesabu mihuri palepale, akaniambia nimpigie hesabu yake.

Kazi kubwa zaidi ilikuwa usajili. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitaka vikundi vya namna hii visajiliwe. Zaidi ya hapo, akina mama walikuwa wanautaka ule mkopo wa halmashauri usio na riba, unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Afisa maendeleo ya jamii wa kata alihitaji katiba, muhtasari wa kikao na orodha ya wanachama. Mimi nilikuwa naandika katiba, wao wanabishana. Kipengele cha mwanachama anayefariki akiwa na deni kilichukua kikao kizima. Wakakubaliana deni likatwe kwenye hisa zake, likizidi kikundi kilibebe, na watoto wasidaiwe msibani. Hakuna mhadhiri aliyewahi kunifundisha kutunga kanuni ya fedha kwa kuwafikiria wafiwa.

Cheti kilipotoka, nilikuwa tayari nakaribia kumaliza chuo. Nikaomba waniletee kijana wa kurithi daftari, wakamleta binti wa mwanachama mmoja aliyemaliza kidato cha nne. Sasa yeye ndiye anayeandika, safu ya mfuko wa jamii kaitenga kwa wino mwekundu, na mwenyekiti ameshamwambia aanze kuandaa andiko la mkopo wa halmashauri.