Majanga ya asili niliyasoma kwenye barabara ya Kyela, na A nimeipata

Wanaosema mada ya majanga ya asili ni ya kumeza tu wameniudhi kwa muda mrefu. Sasa matokeo ya kidato cha nne yametoka, Jiografia nina A, kwa hiyo naomba nisikilizwe.

Tuisheni niliyosoma walitugawia madesa, yaani notisi za kumeza, ya kurasa mbili. Tetemeko: sababu tano, athari tano, njia tano za kujikinga. Volkano hivyo hivyo, mafuriko hivyo hivyo, mpaka ukame. "Mezeni hizo, mengine potezeeni." Ubaya wa madesa ya aina hii ni kwamba athari za kila janga zinafanana: vifo, upotevu wa mali, magonjwa ya mlipuko, njaa. Ukishazimeza zote zinachanganyikana kichwani na huwezi tena kuzitenganisha. Kwenye mtihani wa utamirifu (mock), mwenzangu mmoja mwenye akili nyingi tu aliandika "kujenga nyumba imara" kama njia ya kukabiliana na ukame. Akili hakukosa. Kalamu ilimtolea mstari wa orodha nyingine, basi, na alama zikaondoka.

Kaka yangu naye akaja na lake: "Achana na Mbeya, soma Japani na Marekani, mtihani hautungwi Mbeya." Ni kaka yangu na namheshimu, lakini hapo nilimkatalia. Kuna mahali gani pa kusomea majanga kuliko kwetu? Hapa Rungwe ndipo matawi matatu ya Bonde la Ufa yanapokutana: la Rukwa, la Nyasa na la Usangu. Mwaka 1910 tetemeko la Rukwa lilifikia kipimo cha 7.4, na Afrika Mashariki haikuona kubwa kuliko hilo katika karne nzima ya 20. Halafu niambiwe nianzie Japani!

Nilichofanya ni hiki. Barabara ya kutoka Mbeya mjini kwenda Kyela naijua tangu utotoni, maana kwetu ni Kyela na shule nimesomea Uyole. Inaanzia kwenye kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, inapanda milima ya Poroto hadi zaidi ya mita 2,000, kisha inateremka bila kuchoka mpaka Ziwa Nyasa, ambalo mwinuko wake haufiki mita 500. Likizo ilipofika nilipanda kosta, nikamwomba konda siti ya dirishani, kaunta buku mapajani. Nauli ilikuwa elfu tano na kitu, haikufika kumi. Kila kituo nilikipa janga lake, na kila janga nikaliuliza maswali yale yale: nguvu gani imelisukuma, nani alikuwa njiani mwake, walipata taarifa mapema, na walikuwa na uwezo gani wa kujinusuru. Hayo tu. Sababu, athari na njia za kujikinga zinatoka zenyewe ukijibu hayo, na zinatoka za janga hilo, haziji za jirani yake.

Kituo cha kwanza sikukitafuta, kilinitafuta chenyewe. Aprili 2024 udongo wa mlima Kawetere uliporomoka Itezi, hapo hapo Mbeya mjini, ukafukia nyumba na kuharibu shule. Nilikwenda kuona. Madesa yalikuwa yameandika "mvua kubwa" halafu yakanyamaza, lakini pale unaelewa mvua inafanya nini hasa. Maji yanajaza vitundu vya udongo, udongo unazidi uzito na papo hapo unapoteza mshikamano, na chini yake kuna mteremko mkali. Miti ikishapungua, hakuna mizizi ya kushikilia. Binadamu akikata ukingo wa mlima ili apate kiwanja, ameondoa kile kilichokuwa kinaegemewa. Sasa weka pembeni yake Katesh, mkoani Manyara, chini ya mlima Hanang, tarehe 3 Desemba 2023. Pale matope yalifuata njia za maji yakabeba mawe na magogo mpaka kwenye makazi, na zaidi ya watu 80 wakafa. Nguvu ni ile ile ya mvua na mteremko. Tofauti ni tope lilipitia wapi na lilimkuta nani. Nilipoandika mistari hiyo miwili pamoja, nikajua nimeshapata aya nzima ya insha.

Kuanzia Isyonje mpaka Kiwira ni eneo la volkano, na hapa ndipo nilipofaidi. Tazama kingo za barabara zilizochongwa: kuna tabaka la vijiwe vya rangi ya njano iliyofifia, vimejaa matundu, na ukivishika ni vyepesi ajabu. Nilishuka nikaokota kadhaa, nyumbani nikavitia kwenye beseni la maji, vikaelea. Wadogo zangu walipiga kelele mpaka mama akatoka jikoni. Hivyo vijiwe vilirushwa angani mlima Rungwe ulipolipuka miaka kama 4,000 iliyopita. Magma, yaani mawe yaliyoyeyuka chini ya ardhi, ikiwa nzito inabana gesi, gesi ikipata upenyo inapasua kila kitu kuwa povu la mawe na majivu. Magma nyepesi hailipuki hivyo, inatiririka. Ushahidi nao uko jirani: Daraja la Mungu, juu ya mto Kiwira, ni lava iliyoganda. Na Kiejo, kusini ya Rungwe, ulimwaga lava karibu miaka 200 tu iliyopita. Kwa hiyo swali la "aina za milipuko" mimi nilikuwa nalo kwenye beseni la kufulia.

Ukitaka volkano ya kisasa, panda mawazo mpaka Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa nchi yetu, uliolipuka 2007 na 2008. Lava yake ni ya kaboneti, yenye joto la nyuzi 500 hadi 600 tu wakati lava za kawaida zinapita 1,000. Halafu Nyiragongo wa Kongo, Januari 2002, ambako lava iliingia katikati ya mji wa Goma. Andika Goma na Lengai pamoja: mlima mmoja umezungukwa na wafugaji wachache, mwingine una mji mkubwa miguuni.

Watu wa Isyonje ndio wanaoelekeza wageni Ziwa Ngozi, ziwa lililolala ndani ya kaldera, yaani shimo kubwa linalobaki kilele cha volkano kikididimia. Nililitumia kushikilia Ziwa Nyos la Kameruni, ambalo nalo ni ziwa la kreta. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 Nyos lilitoa kaboni dioksidi iliyokuwa imeyeyuka kwenye maji ya chini, kama chupa ya soda iliyotikiswa kisha ikafunguliwa. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ikateremka mabondeni na kuua zaidi ya watu 1,700 pamoja na mifugo yao. Sisemi Ngozi ni Nyos. Nasema ukiwa unaijua Rungwe, ambako kaboni dioksidi inatoka ardhini hadi inavunwa kiwandani, huwezi kusahau kwamba volkano inaua hata bila moto. Na suluhisho lake la Nyos ni zuri mno kuliacha: tangu 2001 wamezamisha mabomba yanayoitoa gesi kidogo kidogo. Hilo huwezi kulichanganya na "kutoa elimu kwa jamii".

Tukuyu nilipita haraka. Mvua yake inazidi milimita 2,000 kwa mwaka, na maji hayo yote yana pa kwenda: Kyela.

Uwanda wa Kyela ni tambarare, na mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo yote inashukia humo ikiwa na kasi na udongo wa milimani. Ikifika kwenye tambarare kasi inakufa, udongo unatua, kina kinapungua, maji yanatafuta pengine. Hapa nilijifunza kuandika kitu ambacho wengi wanakiacha: faida. Udongo ule ule unaoletwa na mafuriko ndio unaotupa mchele wa Kyela, na majivu ya Rungwe ndiyo yanayolisha ndizi, chai na viazi. Watu hawakai penye hatari kwa ukaidi. Wanakaa kwa sababu panalisha. Msahihishaji akiliona hilo, anajua unaongea kuhusu watu.

Tetemeko nilimwachia mama. Desemba 2009 upande wa Karonga, ng'ambo ya mpaka, palitetemeka mfululizo, kubwa kuliko yote likifikia 6.0, na Kyela tulitikiswa.

"Mama, mlifanya nini?"

"Tulitoka nje, mwanangu. Wewe nilikubeba mgongoni. Ndani hakukaliki, ukuta unaona kabisa unakuja."

Ukuta unaona kabisa unakuja. Ndiyo hoja yenyewe: mara nyingi kinachoua ni nyumba. Nikachukua mfano wa mbali kuithibitisha. Haiti, tarehe 12 Januari 2010, kipimo 7.0, waliokufa ni zaidi ya 100,000. Chile, tarehe 27 Februari mwaka huo huo, kipimo 8.8, waliokufa ni kama 500. Kila namba moja ya kipimo ni nishati mara 32 hivi, kwa hiyo Chile ilitoa nishati kama mara 500 ya Haiti. Lakini Chile walikuwa na kanuni za ujenzi zinazosimamiwa, maana walishaonja lile la 9.5 mwaka 1960, na kitovu kilikuwa baharini. Haiti tetemeko lilitokea karibu na uso wa ardhi, jirani na Port-au-Prince, penye zege dhaifu na watu wamebanana. Na Bukoba, tarehe 10 Septemba 2016, 5.9 tu ilitosha kubomoa nyumba na kuua.

Barabara inapofika Kasumulu haiishi, inaingia Malawi, nami nikaiendeleza kwenye karatasi mpaka Blantyre ili nipate kimbunga. Freddy kilizaliwa Februari 2023 karibu na Australia, kikavuka Bahari ya Hindi yote na kuishi zaidi ya wiki tano. Nchini Malawi waliokufa na waliopotea walizidi 1,000, wengi kwa mafuriko na maporomoko ya ardhi. Kimbunga kinataka maji ya bahari yenye joto la nyuzi 26 au 27 kwenda juu, na umbali wa kama nyuzi tano za latitudo kutoka ikweta ili mzunguko wa dunia ukipe mzunguko wake. Ndiyo maana pwani yetu hupata vichache, lakini Hidaya ya Mei 2024 ilitufikia.

Mtihani ni wa Kiingereza, hilo linajulikana. Mchana nilisimulia safari yote kwa Kiswahili huku namenya viazi, usiku nikaiandika upya kwa Kiingereza, sentensi fupi. Palipokwama ndipo nilipofungua kitabu. Michoro nilichora kila siku mpaka mkono ukazoea, hasa wa bamba la ardhi na wa mteremko unaoporomoka. Na usiandike "watu wengi walikufa". Andika mwaka, mahali na idadi unayoijua.

Swali la insha lilitaka kueleza kwa nini majanga yanayofanana yanadhuru watu kwa kiasi tofauti. Niliandika Haiti na Chile, nikaweka Katesh na Itezi, karatasi haikunitosha.

Mlioko Iringa na Njombe, barabara mnayo. Anzieni Usangu kwa ukame, maana Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi tangu miaka ya 1990 huku mashamba ya juu yakivuta maji. Njombe kuna sakitu, ile barafu nyembamba ya usiku wa baridi, inayounguza viazi. Kitonga kuna mteremko wa kufundishia maporomoko ya mawe, na siti ya dirishani pale ni ya upande wa bondeni.