Upungufu wa Kantini

Tulipokuwa Kidato cha Nne, Somo la Kompyuta na Somo la Biashara yalipangiwa vipindi vilevile kwenye ratiba, hivyo aliyechagua moja hakuligusa jingine. Katika mfumo wa elimu wa Kenya wa 8-4-4 yote mawili yalikuwa ya hiari, Kompyuta msimbo 451 na Biashara 565, tena ya makundi tofauti. Baraza la Mitihani halikumzuia mtu kuyafanya yote. Ratiba ya shule ndiyo iliyozuia, na hasara yake niliiona Jumamosi moja mwishoni mwa muhula wa kwanza, tulipokabidhiwa hesabu za kantini.

Wa Biashara walihesabu bidhaa zilizobaki rafuni, wakaleta ankara na daftari la fedha. Sisi wa Kompyuta tuliingiza mauzo ya kila siku kwenye Excel, safu ya A tarehe, safu ya B shilingi, kuanzia mstari wa 2 hadi wa 79. Kufikia saa nne asubuhi lahajedwali lilikuwa limetoa jibu: upungufu wa Sh9,960, yaani mauzo yalikuwa chini ya yaliyotarajiwa kwa kiasi hicho. Mama wa kantini alikuwa amesimama mlangoni mwa maabara, viatu mkononi, maana humo hakuna aliyeruhusiwa kuingia na viatu kwa ajili ya vumbi. Akasikia tarakimu hiyo ikisomwa kwa sauti. Hakuna aliyemtaja kwa jina, lakini kila mtu alijua fedha za kantini zinapita mikononi mwa nani.

Mwalimu wa Biashara hakutaka ipelekwe ofisini kabla ya kukaguliwa. Akaanza na jambo jepesi: jumla ya mauzo katika daftari la mkono ilikuwa 94,950, ya kompyuta 93,240. Tofauti 1,710. Wanafunzi wake wakaigawanya kwa 9 papo hapo, ikaja 190 bila baki, wakashangilia. Wana sababu. Ukigeuza tarakimu mbili zilizopakana, 540 ukaiandika 450, tofauti hugawanyika kwa 9 kila mara. Basi wakashika rula, wakashuka mstari kwa mstari wakitafuta tarakimu zilizogeuzwa. Hawakuona hata moja. Kigawo cha 9 ni dalili tu, na tofauti nyingine nyingi hugawanyika kwa 9 kwa bahati.

Hapo ndipo somo letu lilipofaa. Excel ina fomula mbili zinazofanana sura: COUNTA huhesabu kila seli, yaani kisanduku cha lahajedwali, yenye kitu ndani, COUNT huhesabu zenye namba peke yake. Tukaandika =COUNTA(B2:B79), ikajibu 78. Tukaandika =COUNT(B2:B79), ikajibu 76. Kwa hivyo seli mbili zilikuwa na kitu ambacho macho yetu yaliona ni namba na kompyuta ikaona ni maneno, na SUM huruka maneno kimyakimya bila kulalamika. Kwa kawaida namba hukaa kulia mwa seli na maneno kushoto, ungezigundua kwa kutupa jicho, ila safu nzima ilikuwa imewekwa katikati ili ipendeze. Tukairudisha mpangilio wake wa kawaida. Mbili zikaruka kushoto: 84O na 87O. Mwisho wake si sifuri, ni herufi O kubwa. Kitufe cha Caps Lock kilikuwa kimeachwa kikiwa kimewashwa tangu vichwa vya safu vilipoandikwa, na herufi O iko chini kidogo tu ya 9 na 0. Hata ile pembe ndogo ya kijani ambayo Excel huiweka kuonya kwamba namba imehifadhiwa kama maneno haikutokea, kwa kuwa 84O si namba kwa vyovyote. Zikasahihishwa, 840 na 870, jumla yake 1,710. Kompyuta na daftari vikasema lugha moja: 94,950.

Upungufu ulibaki 8,250.

Sasa ikawa zamu ya Biashara, na hapa hakuna fomula ambayo ingetuokoa. Bidhaa za mwanzo wa muhula zilikuwa za Sh18,600, manunuzi 74,250, bidhaa za mwisho wake 15,450. Mbili za kwanza ukizijumlisha ukatoa ya tatu, gharama ya bidhaa zilizouzwa ni 77,400. Hiyo ilikuwa sawa. Seli iliyofuata, ya mauzo yaliyotarajiwa, ilisema 103,200, na ndani yake kulikuwa na =77400/0.75, yaani faida imechukuliwa kuwa asilimia 25. Mwalimu akainama karibu na skrini.

“Asilimia 25 ya nini?”

“Ya faida, Mwalimu.”

“Faida najua. Ya nini? Ya gharama au ya mauzo?”

Kantini ilikuwa inaongeza robo juu ya bei ya kununulia: mkate wa Sh40 unauzwa Sh50. Shilingi kumi juu ya arubaini ni asilimia 25 ya gharama, lakini ni asilimia 20 tu ya mauzo. Aliyeandika ile fomula alichukua 25 kuwa sehemu ya mauzo, akagawanya kwa 0.75 mahali pa kuzidisha kwa 1.25. Fomula yenyewe haikuwa na hitilafu yoyote ya Excel. Ilihesabu sawasawa swali ambalo halikuulizwa. Tulipoibadilisha, mauzo yaliyotarajiwa yakashuka hadi 96,750. Sh6,450 zikafutika kwa badiliko la seli moja. Nikamtazama mama wa kantini. Alikuwa ameshavaa viatu, ila hakuondoka.

Zilizobaki, 1,800, hazikuwamo katika kompyuta wala katika daftari. Ilibidi aulizwe yeye, na kwa maoni yangu angeulizwa mwanzo. Akajibu bila kufikiri: madaftari ya kuandikia hauzi kwa robo, uongozi ulimwamuru aongeze asilimia 10 tu. Ankara zikafunguliwa. Madaftari yaliyouzwa muhula huo yaligharimu 10,000. Yalileta 11,000 badala ya 12,500. Hizo ni 1,500. Tena mikate 6 iliota ukungu wiki ya mapumziko ya katikati ya muhula, akaitupa. Sita mara hamsini, 300.

Upungufu: sifuri.

Kabla ya chakula cha mchana lahajedwali lilipangwa upya. Kila bidhaa ilipewa mstari wake wenye bei ya kununua na asilimia yake, ili madaftari yasichanganywe na mikate. Safu ya mauzo tuliiwekea kanuni ya kupokea namba pekee, ukiingiza herufi inakukatalia. Pembeni tukaacha COUNT na COUNTA zikiwa jirani, na seli ya tatu inayotoa moja kwa nyingine. Ikionyesha chochote zaidi ya sifuri, jumla haiaminiki. Mwalimu wa Biashara akaongeza daftari dogo la bidhaa zilizoharibika, lenye tarehe, idadi, bei ya kununulia na sahihi mbili, ya mama wa kantini na ya mwalimu wa zamu.