Ribera del Duero na mwanakondoo wa Aranda

Niko Aranda de Duero, kaskazini mwa Hispania, na mvinyo mwekundu wa huku hauna utani. Huu niliokunywa jana ni wa Ribera del Duero, eneo la mvinyo la huku, daraja la crianza: hukomazwa miaka 2, angalau miezi 12 ikiwa ndani ya pipa la mwaloni. Zabibu zake ni tempranillo, zinazolimwa nyanda za juu ambako mchana jua linachoma na usiku baridi kali. Ndiyo maana ni mzito lakini hauchoshi.

Funda la kwanza, ukakasi mtupu, ulimi ukakauka! Halafu ikaletwa lechazo, mwanakondoo anayenyonya, kaokwa kwenye tanuri la kuni ndani ya chombo cha udongo kwa maji na chumvi tu. Jamani! Mafuta ya nyama yakaulainisha ule ukakasi, nao mvinyo ukayakata mafuta. Morcilla, soseji ya damu na wali, nayo ilikubali. Samaki msithubutu, mdomo unabaki na ladha ya chuma. Mbuzi choma naamini angeelewana nao, ilimradi kachumbari isizidi pilipili.