Waliotoboa paa

Mimi ni fundi wa kupaua. Miaka ishirini na mbili nimesimamisha kenchi na kupigilia papi, zile mbao zinazoshika bati, na bati lenyewe kwenye nyumba nisizoweza kuzihesabu, nyingi zikiwa hapa Dodoma, hasa tangu 2016 Serikali ilipotangaza kuhamia huku na kila mwenye kiwanja akataka aezeke kabla ya mvua. Kwa hiyo nikisoma Marko sura ya pili, ile habari ya watu wanne waliomshusha mgonjwa kupitia juu ya nyumba kule Kapernaumu, macho yangu hayaendi kwa Yesu kwanza. Yanakwenda kwenye paa. Mniwie radhi.

Nilipokuwa mtoto wa shule ya Jumapili nilikuwa na picha mbaya ya habari hii. Biblia yetu inasema "waliitoboa dari pale alipokuwapo". Dari niliyoijua mimi ni ile ya nyumba ya kasisi, mbao nyembamba zilizopakwa rangi nyeupe chini ya bati. Halafu inasema wakaliteremsha godoro. Basi kichwani mwangu kulikuwa na wanaume wanne wakitambaa gizani juu ya dari ya kasisi, na godoro la sponji la nchi sita. Kila nikimaliza kusikia habari ile nilirudi nyumbani na kulala ndani ya tembe la babu, chini ya paa linalofanana na lile la Kapernaumu kuliko dari yoyote, na hakuna aliyeniambia.

Kwa asiyelijua tembe: ni nyumba yetu ya Ugogo, fupi, paa lake ni bapa. Unasimika nguzo za mti mgumu, juu yake unalaza boriti, juu ya boriti unapanga fito zikabanana, unatandaza nyasi, kisha unamwaga udongo na kuushindilia. Juu pale bibi alianika mtama, ubuyu na mlenda. Watoto tulikimbia juu, na mbuzi akipata pa kupandia naye alipanda. Kapernaumu ni jamii ile ile. Kuta zilikuwa za mawe meusi ya volkano, juu boriti na matawi na udongo, na ngazi ilikuwa nje. Watawa wawili Wafransisko, Corbo na Loffreda, walianza kuchimbua magofu ya pale mwaka 1968, na kuta walizozikuta si za kubebeshwa paa zito. Torati nayo, Kumbukumbu 22, inamwagiza mwenye kujenga nyumba aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, mtu asije akaanguka. Sheria ya usalama kazini, naiita mimi. Ningeishika ningekuwa na hadithi nyingine ya kuandika.

Luka anasema walimpitisha kwenye matofali ya juu. Nadhani aliwafikiria wasomaji wake, watu wa miji iliyoezekwa vigae. Mathayo, sura ya tisa, paa halitaji kabisa: wanamleta mgonjwa, basi. Marko peke yake ndiye anayetuambia walikuwa wanne, na ndiye anayesema wazi kwamba walitoboa na kuvunja. Namwamini Marko. Anaongea kama mtu aliyeona uchafu wake.

Sasa niseme nilivyoanguka.

Ilikuwa Novemba 2019, wingu limeshaanza kufunga, nyumba iko juu mlimani kwenye mawe ambako gari halifiki. Tulibakiza upande mmoja wa bati. Papi niliyoikanyaga ilikuwa na msumari mmoja, na aliyeupiga msumari huo ni mimi. Niliangukia mgongo juu ya rundo la mawe ya msingi. Sikusikia maumivu miguuni, na fundi yeyote anajua hiyo si habari njema.

Walinibeba juu ya mlango. Mlango wa mninga ambao ulikuwa haujapachikwa. Kona moja alishika seremala wangu, kona ya pili mlinzi wa saiti, mzee Mwislamu aliyekuwa akisoma dua njia nzima, kona ya tatu mama aliyekuwa anatuuzia wali na maharage. Kona ya nne alishika saidia fundi wangu, kijana ambaye siku hiyo nilikuwa nadaiwa naye shilingi 90,000, malipo ya siku sita. Nilikuwa nimemwambia mwenye nyumba hajanilipa. Mwenye nyumba alikuwa ameshanilipa.

Sitaeleza sana ya hospitali. Pingili mbili za uti wa mgongo, nyonga, wiki nyingi, kisha ukaja ushauri wa kwenda kulala nyumbani na kusubiri. Nyumbani ikawa kijijini kwa mama, upande wa Mvumi. Nyumba ya mama ina bati, geji 30, nililipiga mwenyewe na kujisifu. Kufika saa sita mchana chini ya lile bati nikawa kama chapati. Mama akasema, "Mwanangu, tukupeleke kwa babu yako," maana yake kwenye tembe la marehemu, ambalo lilikuwa limebaki la kuhifadhia mahindi. Humo kuna ubaridi. Wakasogeza magunia, wakaniweka.

Miezi minne nimelala chali natazama paa. Hakuna mtu anayelijua paa la tembe kutokea chini kama ninavyolijua mimi. Najua boriti ipi imeliwa na mchwa na fito zipi zimebadilishwa. Na nililojifunza kwanza ni hili: mtu akitembea juu, udongo unadondoka. Punje chache tu, mdomoni, machoni. Watoto wa dada yangu wakicheza juu nilijua wako kona gani kwa vumbi.

Binti wa dada yangu alikuwa ananisomea Marko jioni, kwa sababu mimi nilishaacha kusoma, na kusali nilishaacha pia. Siyo kwamba nilimkasirikia Mungu. Sikuwa na la kumwambia. Siku aliyosoma habari ya Kapernaumu, mbuzi alikuwa juu, na vumbi likaniangukia usoni wakati anasoma "waliitoboa". Nikamwambia asimame kidogo.

Maana nilikuwa sijawahi kufikiri. Kabla mgonjwa hajaonekana, udongo ulianguka kwanza. Yesu yuko anafundisha, nyumba imejaa hadi mlangoni, na juu kunaanza kishindo, kisha punje, kisha donge, kisha kifusi. Nilipiga hesabu palepale, ndiyo kazi yangu. Tundu la kumpitisha mtu aliyelala ni futi sita kwa mbili na nusu, kati ya boriti na boriti, la sivyo paa zima linashuka. Unene wa udongo tuseme nchi sita. Hizo ni karai ishirini na kitu za udongo. Mwingi waliutupa pembeni, lakini mtu asinidanganye kwamba haukuwamwagikia waliokuwa chini. Marko anasema waandishi, yaani walimu wa Torati, walikuwa wameketi humo. Kwenye nyumba ambayo mgonjwa wa kupooza amekosa pa kupita, waheshimiwa wamepata pa kukaa! Makanisa yetu tunayajua. Na kama nyumba ile ni ya Simoni Petro, kama wengi wanavyodhani, basi mama mkwe wake, aliyetoka kuponywa homa sura moja nyuma, alikuwa anaona dari yake inakuja chini. Natamani Marko angeandika alichosema yule mama.

Yesu hakuuliza nani atalipia. Imeandikwa: "Naye Yesu, alipoiona imani yao, akamwambia yule mwenye kupooza, Mwanangu, umesamehewa dhambi zako."

Yao.

Wiki mbili kabla yake alikuwa amekuja mhubiri mmoja, kaletwa na jirani kwa nia njema. Aliniombea kwa sauti kubwa, akanishika miguu, akaniamuru nisimame. Sikusimama. Akaniambia shida ni imani yangu, kisha akanywa chai. Maneno yale yalinikaa kifuani kuliko ile mishipa iliyokufa ganzi, kwa sababu alikuwa amesema kweli: imani sikuwa nayo. Najua Yesu alimwambia yule mama aliyetokwa na damu, "imani yako imekuponya," na yule kipofu Bartimayo vivyo hivyo. Hayo yapo, siyafuti. Lakini hapa mgonjwa hasemi neno hata moja tangu mwanzo hadi mwisho. Hatuambiwi aliomba aletwe. Huenda aliwaambia wamwache. Mimi nilipokuwa juu ya mlango nilikuwa nawaambia waniache, nawatukana wakijikwaa. Wapo wanaosema "yao" inamhusu na mgonjwa pia. Sawa, wana haki ya kusema. Mimi niliyelala chini ya udongo naisoma kama ilivyo. Kilichoonekana kutokea chini ni mikono minne michafu na nyuso nne zinachungulia kwenye tundu, na Yesu akakiita hicho imani.

Lakini jambo lililonisumbua zaidi usiku ule si "yao". Ni kwamba aliletewa miguu akajibu dhambi. Niliona ni kama kumpelekea fundi paa linalovuja akaanza kukagua msingi. Nikamwambia binti anisomee tena. Akasoma. Nikawa kimya, kwa sababu nilijua kabisa ni shilingi ngapi.

Kijana yule alikuwa anakuja. Kila baada ya wiki mbili, Jumapili, anapanda gari la asubuhi kutoka mjini, ananigeuza ubavu ili nisipate vidonda, ananinyoa, anakula na mama, anarudi. Nauli yake mwenyewe. Fedha hajawahi kuitaja. Jumapili iliyofuata nilimwambia. Nilizunguka sana, nikaanza na hali ya soko la mbao, mwisho nikasema: mwenye nyumba alinilipa, nikakudanganya.

Akaendelea kuninyoa. Akasema, "Fundi, nilijua. Aliniambia mwenyewe asubuhi ile, kabla hujaanguka."

Kwa hiyo alikuwa anajua. Wakati ameshika kona yake ya mlango, mteremko wa mawe ule wote mpaka kwenye lami, alikuwa anajua. Nilitaka kumuuliza kwa nini hakuachia, sikuweza, wembe ulikuwa shingoni na koo lilikuwa limeziba. Mama aliuza mbuzi wawili, akamlipa yote. Alipokea bila kuhesabu, hilo nalo lilinichoma.

Miguu ilirudi, si siku ile wala mwezi ule. Kwanza kidole gumba cha kulia, Aprili. Leo natembea kwa mkongojo mmoja, juu sipandi tena, nakaa chini napima, nahesabu na kugombana na vijana. Wale wa Kapernaumu walimwona mtu wao anatoka na godoro lake mbele ya watu wote. Wa kwangu walipata mtu anayechechemea. Sijawasikia wakilalamika.

Kuna jambo Marko halisemi ambalo kama fundi haliniachi: nani alikarabati lile paa? Mgonjwa kaenda nyumbani kwake, watu wanamtukuza Mungu, Yesu kaondoka kwenda kando ya bahari. Tundu la futi sita liko pale pale. Mimi nasema walibaki wale wanne, ila sina andiko.

Mwaka jana mvua zilipoisha, mbuzi wa mama alitumbukiza mguu kwenye paa la tembe, kona ile ile ya juu ya kitanda changu. Kijana, ambaye sasa ni fundi na ana saidia fundi wake, akaja. Tulikata fito mpya, tukachimba udongo wa kichuguu. Yeye juu, mimi ndani nimekaa kwenye gunia nahesabu karai na kumwelekeza, jambo ambalo hakulihitaji. Karai ya tisa ilinimwagikia machoni. Nikatukana. Akachungulia kwenye tundu, uso wote vumbi, akacheka, akaita ya kumi.