Swali la Ami Kuhusu Sakafu

Tangu Jumanne usiku sijatulia, na kinachonikosesha utulivu ni sentensi moja niliyoitamka mimi mwenyewe. Ami alikuwa ameketi barazani, amevimba chini ya taya upande wa kushoto hadi karibu na shingo, kwa lile gego la mwisho alilokataa kung'olewa tangu Ramadhani. Nilipomwambia kwamba usaha umetoka kwenye mizizi ya jino, alinitazama kama anavyotazama ukuta wenye unyevu, yeye aliyefunga mabomba Mji wa Kale tangu sijazaliwa, akauliza, “Sasa mwanangu, limevujia juu ya sakafu au chini yake?” Nikamjibu, “Ami, mwili si nyumba.” Akasema, “Haya, mwanangu,” akarudisha kiganja shavuni.

Ile “haya” yake haikuwa na hasira hata kidogo, na ndiyo inayoniuma. Mimi ni mwanafunzi wa meno wa mwaka wa tatu, na swali lile ndilo hasa nililopaswa kulijua.

Mdomo una sakafu kweli. Ni msuli mpana na mwembamba uitwao milohioidi, unaoanzia kwenye mstari ulio upande wa ndani wa taya la chini, kulia na kushoto. Nyuzi zake huteremka kuelekea katikati na kukutana kwenye mshono utokao kidevuni, na zile za nyuma hujishikiza kwenye hioidi, mfupa mdogo wa shingoni usioungana na mfupa mwingine wowote. Mizizi ya gego la pili na la tatu kwa kawaida huishia chini ya mstari huo, kwa hiyo usaha ukitoboa mfupa kwa ndani huangukia chini ya sakafu, na uvimbe huonekana nje, chini ya taya. Ungetoka kwenye meno ya mbele, aghalabu ungebaki juu yake na kuuinua ulimi.

Jumatano aling'olewa jino na kutolewa usaha, siku ileile ambayo posa ya dada ilijibiwa nami nikafanya mtihani wa famakolojia.

Alhamisi nilimpelekea uji, nikamwomba radhi. Nilimwekea vidole vyake viwili chini ya kidevu, upande usiouma, nikamwambia ameze mate. Akameza, akasikia pale pakikaza na kupanda, kwa kuwa msuli huo ndio unaouinua ulimi na ile hioidi mtu anapomeza. Akameza tena, na mara ya tatu, macho ameyafumba. “Basi limevujia chini,” akasema, na furaha niliyoipata siwezi kuipima.

Kisha akauliza kama sakafu hiyo imezibwa pande zote. Haikuzibwa, ukingo wake wa nyuma uko wazi, na tezi ya mate ya chini ya taya imeuzunguka ukingo huo. Kwa njia hiyo usaha unaweza kupanda juu, ukaenea pande zote mbili na kuusukuma ulimi hadi mtu akakosa pumzi. Ni maradhi ambayo Wilhelm Friedrich von Ludwig wa Ujerumani aliyaeleza mwaka 1836, na Ami aliyakaribia kuliko nilivyomwambia Mama.

Mama mwenyewe, wiki hii, nimemwona mara mbili akishika ukuta anaposhuka ngazi, na kila akiniona huuachia haraka.