Spika zangu zilipobonyea wakati wa kuhama

Ukihamia nyumba mpya, mkono unakimbilia redio hata kabla ya vyombo kupangwa, ili nyumba ichangamke. Kama una spika kubwa za boksi, nakuomba usubiri kidogo. Spika iliyopigwapigwa njiani mara nyingi ina jeraha dogo tu, lakini ukiifungulia sauti kabla ya kuikagua, dogo linakuwa kubwa. Mchaniko wa karatasi, ile inayotetemeka na kutoa sauti, unaendelea kuchanika kila besi inapopiga, na koili (waya uliozungushwa nyuma yake) iliyohama mahali pake inajisugua kwenye chuma mpaka inaungua.

Nayasema haya baada ya kuhama kutoka Makorora kwenda Nguvumali, hapa hapa Tanga. Tulikodi kirikuu, vijana wakazisimamisha spika vizuri nyuma ya kiti cha dereva, ila kwenye mashimo mtungi wa gesi ukateleza na kuzigonga. Tulipozishusha, boksi moja lilikuwa limepondeka kona ya chini, na ile kofia ya plastiki katikati ya wufa, yaani spika ya besi, imezama ndani. Wufa ya pili karatasi yake ilikuwa na mchaniko wenye urefu wa ukucha. Twita moja, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, imebonyea. Halafu ukiliinamisha lile boksi la kwanza, unasikia kitu kinagonga ndani.

Nilianza kwa vidole. Unaweka vidole pande mbili zinazotazamana, pembeni kidogo ya kofia, unaisukuma karatasi ndani polepole na kwa usawa, kisha unaiachia. Inatakiwa iende na kurudi kimya. Ukisikia mkwaruzo, ujue koili inagusa sumaku, maana nafasi inamochezea ni nyembamba mno, haifiki hata milimita moja kila upande. Zangu zilikwenda kimya zote mbili. Nikazipima na mita ya fundi umeme: spika iliyoandikwa omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) kwa kawaida husoma chini kidogo ya hapo, na zangu zilisoma kati ya 6 na 7. Mita isiposoma kitu kabisa, koili imekatika, na hapo ni kazi ya kusuka upya au kununua nyingine.

Twita ndiyo iliyonitia wasiwasi, nikaipeleka kwa fundi redio mmoja mzee kule Ngamiani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeshaigusa hii?"

"Bado."

"Basi usiiguse. Hiki kitambaa ni laini kama ngozi ya kitunguu, na koili imebandikwa kwenye ukingo wake. Ukikivuta ovyo unang'oa vyote."

Akaiunganisha kwenye amplifaya yake, akaweka sauti ya chini na kuinamisha sikio. Ikaimba safi. Akanirudishia bila kunichaji hata senti. Mpaka leo ina kibonyeo chake, na nikikaa kwenye kochi siwezi kutofautisha kushoto na kulia. Watu wengi huharibu twita nzima kwa kutaka irudi kuwa na sura nzuri, na ni hasara inayoniuma kila nikiisikia.

Kofia ya wufa ni habari nyingine. Kazi yake kubwa ni kuzuia vumbi lisiingie kwenye koili, kwa hiyo ikibonyea sauti haibadiliki sana. Yangu ni ya plastiki, nikaona inafaa kujaribiwa. Nilikuwa na wazo la kuipeleka kwa waosha magari wanivutie na mashine yao ya kufyonza vumbi, fundi akanikataza: ile ina nguvu, inaweza kuivuta karatasi yote mbele ikachomoka mahali pake. Nikatumia selotepu pana iliyobaki kwenye maboksi ya kuhamia. Nilipuliza kofia kwa drai ya nywele kutoka mbali, ipate uvuguvugu tu, nikabandika kipande cha selotepu nikiacha mkia wa kushikia, nikavuta taratibu huku mkono mwingine ukikinga karatasi. Ikaruka nje. Umebaki mstari mwembamba unaouona ukiwasha tochi. Kofia ya karatasi usiifanyie hivyo, gundi ya selotepu itaichubua.

Mchaniko nao ulitaka uvumilivu. Majirani walinishauri supa gluu, na naomba hapa tusikilizane: supa gluu ikikauka inakuwa ngumu na kukatika, na karatasi ya spika inacheza muda wote, kwa hiyo itachanika upya pembeni ya kiraka. Gundi inayofaa ni ile nyeupe ya maseremala, kwa sababu ikikauka inabaki inanyumbuka. Niliizimua kwa maji kidogo sana, nikachana kipande kidogo cha shashi kwa mkono, bila mkasi, ili kingo zake ziwe na nyuzi nyuzi zinazoshika vizuri. Nikapaka gundi kwa brashi ya rangi za watoto, nikalaza shashi juu, nikapaka tena. Kwa nyuma nikafanya vivyo hivyo, nikaiacha ilale usiku kucha. Kiraka kiwe chepesi. Ukirundika gundi unaiongezea karatasi uzito, na sauti inabadilika.

Ili kufika nyuma ya karatasi lazima uitoe wufa kwenye boksi, na hapo kuna hatari ambayo wengi hawaifikirii. Sumaku inavuta bisibisi. Mkono ukilegea kidogo tu, ncha inaruka na kutoboa karatasi. Nilikata duara la boksi gumu nikaifunika wufa yote kabla ya kugusa skrubu ya kwanza. Nilipolifungua lile boksi lililokuwa likigonga, nikakuta koili ya waya wa shaba imebanduka kwenye kibao cha krosova, kile kinachogawa besi kwa wufa na sauti nyembamba kwa twita, inaning'inia kwa miguu yake. Nikaibandika upya na kuigusa lehemu mguu mmoja uliokuwa umepata ufa.

Kona iliyopondeka niliijaza unga wa mbao niliouomba kwa seremala, nikiuchanganya na gundi ileile. Sikuwa na jiliwa, nikaibana kwa kuizungushia mpira wa ndani wa baiskeli nikiukaza, na Tanga mpira wa baiskeli haukosekani. Ikikauka, msasa. Kisha rangi ya mafuta haraka, maana mbao hizi ni za unga ulioshindiliwa, na unyevu wa bahari ukiingia kwenye jeraha zinavimba.

Kabla ya kuziunganisha nilizikagua waya, kwa kuwa zangu zote ni nyeusi. Chukua betri ya volti 1.5, ile ya saa ya ukutani, gusisha chanya kwenye tundu jekundu la boksi na hasi kwenye jeusi, kwa nukta moja tu, uachie. Karatasi ya wufa ikiruka mbele, mambo sawa. Ikirudi nyuma, waya zimepishana. Spika moja ikisukuma hewa wakati mwenzake inavuta, besi hufa, na utadhani spika imeharibika kumbe nzima.

Nilizijaribu kwa taarabu yetu ya zamani, ya Black Star na Lucky Star, sauti ya chini kwanza na kuipandisha taratibu. Vikundi vile vya Tanga vilipiga gitaa la besi, kwa hiyo besi ikipungua unaijua papo hapo. Ilikuwepo, nzito na safi, katikati ya spika zote mbili. Kilichobaki ni wavu mmoja wa mbele uliovunjika vipini vyake, na huo nimeupeleka kwa yule yule seremala.