Karuhusiwa, lakini anarudi wapi?

Wengi hudhani afisa ustawi wa jamii katika wodi ya afya ya akili yupo kutafuta ndugu na kushughulikia bili. Hayo yapo, ila kazi nzito ni kuandaa siku ya kutoka, nayo huanza siku mgonjwa anapolazwa. Ukingoja daktari aandike ruhusa ndipo uulize mtu atalala wapi, umeshachelewa.

Maswali ya mwanzo ni madogo hata yanaonekana ya kipuuzi. Chumba chake bado kipo? Ufunguo anao nani? Kodi imelipwa? Watoto wako kwa nani? Kazini wameambiwa nini? Hilo la kazini lisiguswe bila ridhaa yake, na hata akikubali, "alikuwa anaumwa" inatosha.

Kisha kaa na wale anaoishi nao. Tangu miaka ya 1950, George Brown na wenzake huko London walionyesha kuwa wagonjwa wa skizofrenia (ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti au kuamini yasiyokuwepo) waliorudi kwenye nyumba zenye lawama, uhasama au kubanwa kupita kiasi waliugua tena zaidi ya wengine. Kwa hiyo kuandika kwenye faili "familia inatoa ushirikiano" hakusaidii kitu. Sikiliza wanavyomtaja. Mama akisema, "Mvivu tu huyu, analala mpaka mchana," hajui kwamba usingizi huo huenda ni wa dawa, na kwamba kujitenga na watu ni dalili ya ugonjwa. Umweleze taratibu, bila kumfanya aone yeye ndiye aliyemsababishia mwanawe ugonjwa.

Kwenye dawa, linganisha tarehe mbili: vidonge vinaisha lini, kliniki ni lini. Vikiisha Ijumaa na kliniki ni Jumatano, hapo pana siku za kukaa bila dawa, na hakuna aliyekusudia. Kwa anayetumia klozapini, dawa ya skizofrenia, ni hatari zaidi: akikosa kwa zaidi ya saa 48, harudishiwi dozi ile ile, anaanzishwa upya na miligramu 12.5.

Wiki ya kwanza baada ya kutoka ndiyo yenye hatari kubwa ya kujiua. Mpigie ndani ya siku 3, umuulize waziwazi kama anawaza kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Na kabla hajatoka wodini, chukua namba ya mtu wa pili anayemkubali yeye mwenyewe, maana ya kwake mara nyingi haipatikani: laini imefungwa au simu ilipotea siku ile alipozidiwa.